Sanamu Iliyowekwa Mahali pa Msalaba

Sanamu ya siku zile haikuchongwa kwa mti. Mwaka 1974, Askofu Faustin Ngabu alipopokea jimbo la Goma, Serikali ya Zaire ilifuta Noeli katika siku kuu za taifa. Desemba waziri Engulu akamwita Mobutu masiya, na picha yake ikaamriwa kutundikwa palipokuwa msalaba. Nyumba za masomo zikatwaliwa, somo la dini likakatazwa. Wengi walipiga makofi, tena si kwa woga tu: chama kiligawa vyeo. Aliyetaka kumrudilia Mungu alianzia padogo, kwa katekisimu ya nyumbani na kanisani, na jina la ubatizo, lililokatazwa tangu 1972, likitajwa huko. Februari 1977 Serikali yenyewe ilipatana na Makanisa, ikayarudishia usimamizi wa masomo yao.