Gato la Kasenga: moto wa mama ni wa zamani kuliko unga wa ngano

KASENGA – Kwenye harusi moja hapa kwetu, magato mawili yaliwekwa mezani. La kwanza lilikuwa la unga, etaji tatu, lenye maua ya sukari. La pili lilikuwa la vitenge: vimekunjwa, vimeviringwa, vimefungwa kwa utepe mpaka vikapata umbo la gato kamili. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami alinung'unika kwamba hayo yote ni kuiga wazungu, na kwamba hilo la nguo ni uongo juu ya uongo. Bamama walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu neno lake linagusa kazi inayolisha nyumba nyingi. Basi wasomaji wapendwa, turudi nyuma kidogo tuone gato lilipitia njia gani mpaka likafika kwetu.

Tuanzie kabla ya ngano. Kwa Wabemba, ndugu zetu wa lugha ng'ambo ya Luapula, kuna desturi ya harusi iitwayo ichilanga mulilo, maana yake kuonyesha moto. Bamama wa upande wa bibi harusi wanapika vyakula vya namna nyingi na kuvipeleka kwa watu wa bwana harusi kwa nyimbo na ngoma. Kila chungu kinafunuliwa na kuelezwa. Tangu siku hiyo mkwe ana ruhusa ya kula kwa wakwe zake. Chakula kinashibisha, lakini pia kinatazamwa, kinafundisha na kinaunganisha jamaa mbili.

Kuna jingine. Mwaka wa 1931 Mwingereza Audrey Richards alishuhudia unyago wa wasichana wa Kibemba, na mwaka wa 1956 alitoa kitabu juu yake, Chisungu. Aliona wanawake wakifinyanga sanamu za udongo, mbusa, na kuzipamba kwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Kilichomshangaza ni kwamba kazi ya siku nzima ilivunjwa baada ya muda mfupi tu wa kuonyeshwa. Mwenye kupamba gato usiku kucha, akaliona likikatwa kwa dakika tano, anaelewa habari hiyo bila kufundishwa.

Sasa ngano. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910. Union Minière ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1906, na wafanyakazi wake walihitaji kula. Waligawiwa posho: unga wa mahindi, mafuta, nyama, samaki. Samaki walitoka hapa. Wagiriki walikaa Kasenga, wakavua na kununua samaki wa Luapula na Mweru, wakawapakia na barafu kwenye malori, safari ya kilomita 200 hivi. Walifungua pia maduka. Kwa hiyo Kasenga ililisha mji wa shaba muda mrefu kabla ya mji kutuletea mapambo ya magato.

Kabla ya uhuru, serikali ya Wabelgiji, wamisionari na kampuni walifungua nyumba za kufundishia wanawake, foyer social, pa kushona, kupika na kulea watoto kwa namna ya Ulaya. Tangu 1948 mtu aliyetaka kuhesabiwa kuwa évolué aliweza kuomba kadi ya sifa, na nyumba yake ilikaguliwa: vyumba, meza, sahani, hata uma. Hapo ndipo mzee wangu ana haki. Wakati huo meza ya mama ilikuwa mtihani, na msahihishaji alikuwa mzungu.

Lakini mtihani ule uliisha, kazi ya mikono ikabaki. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kuchukua biashara za wageni, na maduka mengi ya Wagiriki yakabadilisha wenyewe. Kisha shaba ikaanguka. Gécamines iliyotoa zaidi ya tani 450,000 mwaka wa 1986 haikufikisha hata tani 50,000 mwaka wa 1994. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoshwa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Mshahara wa baba ulipokatika, na posho nayo ikakatika, bamama wa Katanga ndio waliotoka kutafuta: soko, mashamba, mikate, maandazi, na kwa wenye mkono mwepesi, magato.

Wengi hawakuwa na tanuri. Walitumia mbabula na makala. Unaweka mchanga chini ya sufuria kubwa, unaupasha, unaingiza chombo chenye unga uliokorogwa, unafunika, na juu ya mfuniko unaweka makala mengine. Moto unatoka chini na juu. Hakuna kipimajoto, kuna pua na masikio. Njia hiyo hakuna mkaguzi wa foyer social aliyekuja kuipima.

Na lile gato la vitenge? Tukumbuke kwamba hata wazungu wenyewe walifanya hivyo. Vita ilipobana Uingereza mwaka wa 1940, serikali ilikataza kupaka sukari juu ya keki. Maharusi wakakodi kifuniko cha karatasi ngumu au plasta, kilichopambwa kama keki ya etaji nyingi, na ndani yake wakaficha kakeki kadogo. Hakuna aliyesema ndoa zile ni za uongo. Umbo lilibeba heshima pale sukari ilipokosekana.

Gato la vitenge linapita lile la karatasi ngumu. Likifunguliwa, bibi harusi anabaki na nguo za kuvaa na za kubebea mtoto. Keki ya unga inaliwa na wageni, ile ya vitenge inakaa na mwenye nyumba. Zote mbili zinafanya kazi ya ichilanga mulilo: zinaonyesha mbele ya watu wote kwamba kuna jamaa iliyochoka kwa ajili ya hawa wawili.

Kwa hiyo, mzee wangu, umbo ni la kuazima, sikatai. Moto ni wetu. Na ukialikwa tena, usiulize bei ya gato kisha ukashusha ya mama aliyelipika kwa kusema ni mchezo tu. Ada ya shule ya watoto wake imo ndani ya mchanga ule.

Kutoka Kasenga, mwandishi wenu.