Fuma, Fumuka, Mfumo

Fibromaialjia ni jina la ugonjwa lililoundwa kwa lugha mbili ambazo hakuna anayezizungumza mtaani kwetu Goba, Dar es Salaam. Fibra ni Kilatini, nyuzi. Mys na algos ni Kigiriki, misuli na maumivu. Ukiyaunganisha unapata maumivu ya nyuzi za misuli. Jina lenyewe si la zamani sana. Lilianza kutumika mwaka 1976 likichukua nafasi ya fibrosaitisi, jina alilolitunga daktari Mwingereza William Gowers mwaka 1904. Kiishio cha jina lile la kwanza kilimaanisha uvimbe wa ndani, kwa kuwa Gowers aliamini kuwa nyuzi zimevimba. Watafiti waliokuja baadaye walizichunguza wasiuone uvimbe huo. Jina likabadilishwa kiishio, lakini nyuzi zikabaki mle ndani zikiendelea kubeba lawama.

Nina sababu mbili za kulitazama jina hili kwa makini. Kwanza, ndilo jina la ugonjwa wangu. Pili, mimi ni mfumaji. Nafuma vitambaa vya makochi na vya meza, shali, na kofia za watoto wachanga. Mtu anayeshinda na uzi mkononi akisikia nyuzi zinasingiziwa hawezi kunyamaza.

Kabla ya jina la hospitali nilikuwa na majina ya mtaani. Goba ni vilima na mabonde. Ukishuka daladala kwenye barabara inayounganisha Mbezi Mwisho na Tangi Bovu, safari ya nyumbani kwa wengi wetu ni kupanda kilima kwa miguu, au kwa bodaboda kama mfuko unaruhusu. Majirani walioniona napanda kwa kusimamasimama waliniambia, "Mama, hiyo baridi yabisi hiyo. Tafuta mafuta ya karafuu uchuliwe." Yabisi ni neno la Kiarabu, maana yake kavu. Jina zima ni urithi wa tiba ya kale iliyofika pwani yetu pamoja na elimu ya Waarabu, tiba iliyoupima mwili kwa joto na baridi, ukavu na unyevu. Ni jina lenye heshima yake. Ila siku hizi tunalitumia kwa ugonjwa wa viungo unaovimbisha vifundo vya vidole na magoti, na unaoweza kuonekana kwenye damu na kwenye eksirei. Wangu hauvimbishi kitu. Ukiuita baridi yabisi unamfanya mgonjwa asubiri uvimbe usiokuja, na jirani asiyeuona uvimbe huo ataishia kusema mama fulani anajidekeza.

Jina la pili ni maumivu sugu, na hili utalikuta hata kwenye maandishi ya afya. Sugu kwanza ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa: ya kiganja cha mshika jembe, ya paji la uso la mtu wa sala. Kutoka hapo neno likahamia kwa mtu asiyesikia maonyo, kisha kwa ugonjwa usiotaka kuondoka. Kwa upande wa muda neno linatosha, maana maumivu haya huhesabiwa kuwa fibromaialjia yakishadumu angalau miezi 3. Kwa upande wa namna, linapotosha. Ngozi yenye sugu imepunguza kuhisi, na mwili wenye fibromaialjia unahisi kupita kiasi. Mkanda wa sidiria unauma. Ukingo wa kiti cha daladala unauma. Mtoto akikuegemea begani kwa mapenzi, panauma.

Sasa ugumu wa kuutambua. Hakuna kipimo cha damu kinachouonyesha ugonjwa huu. Vipimo ninavyotumwa kufanya ni vya kuondoa shaka ya magonjwa mengine: tezi ya shingo, baridi yabisi yenyewe, upungufu wa damu. Mwaka 1990 madaktari bingwa wa viungo wa Marekani waliweka vigezo vya kubonyeza sehemu 18 za mwili, na mgonjwa akiumia katika 11 au zaidi, hesabu imetimia. Mwaka 2010 waliachana na kubonyeza wakaweka maswali. Kati ya maeneo 19 ya mwili, yapi yameuma wiki iliyopita? Uchovu ukoje? Ukiamka umepumzika, au umechoka vilevile? Kumbukumbu je? Kwa maneno mengine, kipimo kimehamia kwenye kinywa cha mgonjwa, na mgonjwa asiye na maneno hana kipimo.

Ndiyo maana namkumbuka kwa shukrani daktari aliyeuliza swali la pili. La kwanza huulizwa na wote: "Unaumwa wapi, mama?" Nami nikajibu kama wote wanavyojibu: "Mwili mzima, dokta." Jibu hilo halimfikishi mtu popote. Kisha akauliza, "Unaumaje?"

Hapo Kiswahili kikanifungukia. Nikamwambia shingo na mabega yananiwanga usiku kucha. Mikono inawaka. Mapaja yananichonyota hata nguo ikinigusa. Vidole vinakufa ganzi alfajiri. Na nikiamka nina mavune, ilhali nimelala tu, sikulima wala sikutwanga. Alikuwa akiandika. Alipofika kwenye mavune aliinua kalamu akaniuliza tena: mavune bila kazi? Kila asubuhi? Nikamwambia ndiyo, karibu kila asubuhi.

Tazama kazi ya vitenzi hivyo. Kuwanga ni maumivu mazito yasiyo na ncha, tunayoyajua zaidi ya kichwa. Kuchonyota ni kule kwa kidonda kinapoguswa na ndimu au chumvi. Mavune ni machovu ya misuli yanayomfuata aliyefanya kazi ngumu, na yakimjia asiyefanya kazi, hapo pana jambo. Tumbo nalo lina vyake: husokota, hukata, hukeketa. Hakuna kitenzi hapo kinachoweza kukaa mahali pa mwenzake. Mzee wa pwani aliyelelewa na maneno haya anaweza kumpa daktari picha ambayo mashine haiwezi kuipiga, na kijana aliyebaki na "naumwa" peke yake amepungukiwa na kitu cha afya, si cha lugha tu.

Dunia iliwahi kutusikiliza katika hili. Mwaka 1952 na 1953 homa kali ya viungo iliukumba uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Wenyeji waliuita ugonjwa huo kwa neno la lugha yao lenye maana ya kukunja, kwa jinsi wagonjwa walivyopinda kwa maumivu. Watafiti Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliuandika katika jarida la tiba mwaka 1955, na tangu hapo neno hilo, chikungunya, ni jina linalotumiwa na madaktari kutoka Newala, hukohuko Makonde, hadi Brazili. Mwaka 1959 Uganda ikawa na mlipuko wa homa nyingine ya jamii hiyohiyo, nayo ikaingia vitabuni kwa jina la Kiacholi, o'nyong-nyong, linalotaja kudhoofika kwa viungo. Majina haya mawili yanasimulia mtu anavyofanywa na ugonjwa. Hayakuanzia maabara, yalianzia kwa mtu aliyeshindwa kunyooka na jirani aliyemtazama.

Kutoka kwa daktari yule nikarudi nyumbani na jina langu la Kigiriki na Kilatini, nikakaa na uzi wangu. Kamusi zetu zimejaribu kuipa hobi jina la uraibu, neno la zamani la vitu vya kuchangamsha kama tambuu, kahawa na tumbaku. Lakini uraibu umeshachukuliwa na dawa za kulevya, na mraibu leo ni mtu anayepelekwa kliniki ya methadoni. Siwezi kumwambia nesi kwamba nina uraibu wa kufuma. Namwambia napenda kufuma, na kitenzi kupenda kinabeba mzigo wote bila kulemewa.

Fuma yenyewe ina maana mbili katika kamusi. Ya kwanza ni kuunganisha nyuzi ziwe kitambaa. Ya pili ni kuchoma kwa mshale au mkuki, na mkuki wenyewe huitwa fumo. Zipo jioni ambazo mikono yangu inaifanya maana ya kwanza huku ikifanyiwa ya pili.

Kinyume cha fuma ni fumua, na kitambaa kikiachia chenyewe kimefumuka. Ghasia nazo hufumuka, na bei zina mfumuko wake. Wenye ugonjwa huu wanazijua siku ambazo maumivu yanapanda kwa ghafla baada ya kazi nyingi, usingizi mbovu au msiba, yakakaa siku kadhaa kisha yakatulia. Hatujakubaliana tuziiteje siku hizo. Nyumbani kwangu tunaziita mfumuko. Nikisema, "Baba nanihii, leo nina mfumuko," mume wangu anachukua ndoo ya maji bila maelezo zaidi, na watoto wanajua kwamba mama hajakasirika na mtu. Neno moja likikubaliwa na watu wa nyumba moja huondoa ugomvi mwingi.

Kisha kuna mfumo, mtoto mwingine wa fuma, na hapa ndipo moyo wangu ulipotulia. Mwaka 2017 jumuiya ya kimataifa ya wachunguzi wa maumivu iliikubali istilahi ya aina ya tatu ya maumivu. Aina ya kwanza hutoka kwenye tishu iliyojeruhiwa. Ya pili hutoka kwenye neva iliyoharibika. Ya tatu, ambamo fibromaialjia huwekwa, hutokana na namna mfumo wa fahamu unavyozishughulikia ishara: unazikuza, unauita mguso kuwa jeraha. Mfumaji yeyote anaijua hali hii. Kitambaa kikikunjamana pembeni, mara nyingi uzi hauna kosa lolote. Mkono ndio uliokaza mno. Uzi ni mzima, mfumo umekaza.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu, kwa sababu jina huelekeza tiba. Anayelaumu nyuzi atazipumzisha kitandani, atazichua kwa nguvu, atameza diklofenaki mwezi baada ya mwezi na kuumiza tumbo na figo kwa nafuu ndogo. Anayeuelewa mfumo atatafuta kuulegeza: usingizi wa mpangilio, mwendo wa kila siku, pengine amitriptilini kidogo usiku kwa ushauri wa daktari. Katika mapendekezo ya wataalamu wa viungo wa Ulaya ya mwaka 2017, mazoezi ndiyo tiba pekee iliyopewa uzito wa juu kabisa. Kile kilima cha Goba nilichokuwa nakiogopa nimekigeuza dawa. Napanda asubuhi kabla jua halijawa kali, polepole, nikisimama kabla mwili haujanisimamisha.

Na kufuma sikuacha. Nilichoacha ni kufuma hadi kitambaa kiishe. Nimenunua Kariakoo uzi mnene na sindano nene ya kufumia, nikaizungushia kitambaa mahali pa kushika ili vidole visikaze. Mto unakaa chini ya viwiko. Nafuma safu chache, naweka chini, natembea uani, narudi. Kitambaa cha meza kinachukua muda mrefu kuliko zamani, na kikikamilika hakuna anayeweza kuonyesha mahali nilipopumzika. Mkono uliojifunza kulegea unafuma vizuri zaidi, na mabega nayo yameanza kuufuata.

Ombi langu ni kwa watunga istilahi wa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), na kwa walimu wa vyuo vyetu vya tiba. Fibromaialjia libaki kwenye faili na kwenye barua ya rufaa, ili daktari wa Mwanza na wa Muscat wajue wanazungumzia jambo moja. Lakini vitenzi vya maumivu vikusanywe na vifundishwe kwa wanafunzi wa udaktari na uuguzi kama wanavyofundishwa mifupa. Na mgonjwa anapopewa jina hili kwa mara ya kwanza, aongezewe sentensi ya Kiswahili anayoweza kuirudia kwa mama mkwe na kwa mwajiri: nyuzi zako ni nzima, mfumo wako wa fahamu ndio umekaza, na kilichokaza hulegezwa. Mgonjwa akitoka mlangoni na sentensi hiyo, tiba yake imeshaanza.