Bei Kikomo na Koroboi za Kiongoroni

Kiongoroni ni kata ya mikoko na mikondo ya maji kwenye delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Bidhaa za dukani huingia kwa boti. Kabla ya sola kuenea, usiku wa huko ulitegemea mafuta ya taa, ndiyo maana sera ya mafuta iliyopangwa mbali iligusa moja kwa moja nyumba zake.

Serikali ilianza kwa kupanga bei yenyewe. Sheria ya 1973 ilileta Tume ya Bei ya Taifa, na mwaka 1976 Operesheni Maduka ikafunga maduka mengi ya watu binafsi ili ya ushirika yashike nafasi yao. Bei zilikuwepo kwenye karatasi, bidhaa hazikuwepo rafuni. Walanguzi wakaneemeka, na msako wa wahujumu uchumi wa 1983 haukujaza maduka.

Soko la mafuta likaachiwa huria mwaka 2000. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji iliyoundwa kwa sheria ya 2001, ilianza kazi 2006, na Januari 2009 ikaanza kutangaza bei kikomo: muuzaji anaweza kushuka chini yake, kuipita haruhusiwi. Agosti 2011 ilijaribiwa vikali. Iliposhusha bei, kampuni zikagoma kuuza na foleni zikajaa vituoni. EWURA haikurudi nyuma. Ikaifungia leseni BP Tanzania kwa miezi mitatu.

Lakini mwaka huohuo mtu wa delta alilipia ulinzi wa mwingine.

Mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo, na wafanyabiashara waliyachanganya na dizeli. Injini zikaharibika, Watanzania wakalizoea neno uchakachuaji. EWURA ilishaanza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwanasa wachakachuaji. Bajeti ya 2011/12 ikaenda mbali zaidi: ushuru wa mafuta ya taa ukapanda kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita, na wa dizeli ukapunguzwa. Uamuzi huo ulikuwa wa serikali na Bunge, si wa EWURA. Mwenye lori akapata dizeli safi. Mwenye koroboi, ambaye hakuchakachua chochote, akaongezewa bei.

Tena bei kikomo humlinda mnunuzi wa kwenye pampu tu. Petroli ya boti ikishatiwa kwenye dumu na kupandishwa mkondoni, hakuna bango la bei wala mkaguzi, na mnunuzi hana risiti ya kumpelekea yeyote malalamiko.

Sasa masharti ya vituo vidogo vya vijijini yamelegezwa, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) inakopesha wanaotaka kuvijenga. Hiyo ni njia sahihi. EWURA na halmashauri ya Kibiti waifikishe hadi kwenye vijiji vya delta, pampu yenye bei iliyobandikwa isimame kando ya maji, mahali wavuvi wanapofunga boti zao.