Kuku Katika Filamu: Somo la Kuandika Muswada

   Someni polepole, na mkifika penye swali, simameni kwanza mjibizane.

Leo tutazungumza juu ya kuandika filamu fupi. Pengine mtu atauliza, "Filamu hupigwa kwa kamera, kalamu inaingiaje?" Kalamu huingia mwanzo kabisa. Kabla ya kamera kufanya kazi, lazima mtu aandike nani ataonekana, atafanya nini, atasema nini, na jambo gani litafuata. Maandishi hayo huitwa muswada. Mjenzi hupima kiwanja kabla ya kuchimba msingi, na mwenye filamu huandika muswada. Muswada ukiwa mbovu, hata kamera nzuri haiwezi kuuponya.

Haya, sikilizeni kisa cha kweli.

Mwaka 1961 Mwingereza mmoja, John Wilson, alichapisha maelezo juu ya filamu moja fupi iliyoonyeshwa katika kijiji cha Afrika. Filamu hiyo ilitengenezwa na bwana afya. Ilikuwa ya dakika 5 hivi, nayo ilifundisha kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba: kukausha madimbwi, kuokota makopo matupu, na mambo kama hayo. Kila kitendo kilionyeshwa polepole sana, ili watu waelewe. Watazamaji walikuwa thelathini na kitu. Filamu ilipokwisha wakaulizwa, "Mmeona nini?" Wakajibu, "Tumeona kuku."

Wenye filamu walishangaa. Kuku yupi? Wao hawakujua kama mna kuku katika filamu yao. Wakaichukua, wakaitazama picha moja moja. Kweli, wakamwona: kuku ameshtuliwa, anaruka, anapita pembeni chini ya picha, kwa muda wa sekunde moja tu. Dakika 5 za mafunzo, na kilichotajwa kwanza ni kuku wa sekunde moja!

Sasa simameni kidogo. Mwaonaje? Kosa lilikuwa la nani: watazamaji, au filamu?

Bwana Wilson alifikiri sababu ilikuwa kwa watazamaji. Alisema kwamba mtu asiyezoea senema haitazami picha nzima kwa pamoja, bali huikagua kipande kipande, na kwamba kutazama filamu ni jambo la kujifunza kama kusoma. Tusimdharau. Ni kweli kila namna ya kusimulia ina desturi zake, na mgeni huzizoea taratibu. Lakini fikra hii ilikuwa na historia ndefu, na tukiifuata tutaona ilikotoka.

Turudi nyuma hadi mwaka 1935, mahali paitwapo Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Hapo palianzishwa kazi ya kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Fedha nyingi zilitoka Marekani, kwa shirika la Carnegie. Wakuu wa kazi walikuwa Waingereza wawili, Notcutt na Latham. Mpaka mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35, juu ya safura, kilimo, kodi na mengineyo. Walizichukua kwa lori, wakazionyesha Tanganyika, Kenya, Uganda, na nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. Maneno ya kueleza picha yalitiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine. Waigizaji walikuwa Waafrika. Lakini walioamua hadithi iwe nini, na ifundishe nini, walikuwa Wazungu.

Kisha mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha idara ya filamu za makoloni huko London. Mkuu wake, William Sellers, alikuwa amefanya kazi ya afya Nigeria. Idara yake ilifuata kanuni zake: filamu iende polepole, ionyeshe jambo moja moja, isirukeruke kutoka mahali hadi mahali, na isiwe na hila za kamera. Idara hiyo ilifungwa mwaka 1955, lakini kanuni zake zilidumu katika vichwa vya wengi.

Tazameni sasa jambo la kufikirisha. Kanuni hizi si mbaya zote. Kueleza jambo moja kwa mpango ni vizuri kwa mtazamaji yeyote, awe wa London au wa Lushoto. Ubaya ulikuwa katika sababu iliyotolewa. Ilisemwa kwamba Mwafrika hawezi kufahamu zaidi ya hapo. Basi filamu ikishindwa, wenyewe hawakusema, "Tumeandika vibaya." Walisema, "Watu hawa hawajui kutazama." Mwalimu anayelaumu darasa kila siku hawezi kamwe kusahihisha somo lake.

Tumrudie kuku wetu, tusome filamu ile kwa jicho la mwandishi. Ndani yake mlikuwa na kazi nyingi, zote za polepole: dimbwi linakauka, kopo linaokotwa. Je, nani alikuwa na shida? Nani alikuwa na hofu? Tukifuata maelezo ya Bwana Wilson, watazamaji walipoulizwa zaidi, walikiri kumwona mtu, lakini hawakuunganisha vitendo vyake kuwa hadithi. Mimi nasema hivi: hadithi hawakuiona kwa sababu haikuandikwa. Mlikuwa na orodha ya kazi. Kuku peke yake ndiye aliyepatwa na jambo: alishtuka, akakimbia. Jicho la binadamu hufuata kinachojongea upesi na kinachotaka kuokoka. Hata wewe, ukiwa barazani, ukisikia kuku anapiga kelele, huachi mazungumzo ukageuka?

Lakini tusifikiri kwamba filamu zote za siku zile zilikosa hadithi. Katika zile za Vugiri mlikuwa na moja juu ya kuweka fedha katika benki ya posta. Mtu mmoja anaficha fedha zake nyumbani, zinaibiwa. Mwenziwe anaziweka posta, zinasalimika. Hapo kuna kisa: mshahara wa jasho, mwizi, hasara. Mtazamaji anauliza moyoni, "Itakuwaje?" Hilo ndilo swali ambalo muswada mzuri humfanya mtu ajiulize.

Hata hivyo, hadithi za namna hiyo zilikuwa na ila yake. Zilikuwa na mjinga na mwerevu. Mwerevu ni yule anayefanya alivyoambiwa na wakubwa. Mjinga ni yule anayeshika mambo ya kwao. Mtazamaji hujiona amewekwa upande wa mjinga kabla hajafungua kinywa. Hakuulizwa kwa nini anaficha fedha nyumbani. Labda posta iko mbali mwendo wa siku mbili. Labda hajui kusoma kitabu cha benki. Mwandishi asiyeuliza hayo huandika juu ya mtu asiyemjua.

Miaka ya mwanzo ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za hadithi kwa Kiswahili, na moja iliitwa Muhogo Mchungu. Mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana aitwaye Rashidi Kawawa, mfanyakazi wa maendeleo ya jamii. Kijana huyo huyo mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Mtu aliyeigiza mbele ya kamera ya serikali ya kikoloni hakuchukua miaka mingi kabla ya kuwa mwenye kuiongoza nchi. Basi msikubali kuambiwa kwamba ninyi kazi yenu ni kutazama tu.

Sasa tuandike. Tuchukue jambo lile lile la maji yaliyotuama, na muda ule ule wa dakika 5. Gaweni ukurasa sehemu mbili kwa mstari. Kushoto andikeni "Tunachoona," kulia andikeni "Tunachosikia." Katika sehemu ya kushoto msiandike mawazo. Ukiandika "Mama anajuta," kamera haitapata kitu cha kupiga. Andika, "Mama ameshika kikombe cha dawa, anatazama nje."

Tuanze na mtu na haja yake. Mzee Juma anakandika nyumba yake. Anachimba udongo karibu na ukuta, linabaki shimo. Mkewe anasema, "Lifukie." Anajibu, "Kesho." Hapa Mzee Juma si mjinga, amechoka, na nyumba imependeza. Kila mtazamaji amewahi kusema "kesho."

Mvua inanyesha, shimo linajaa. Tutaonyeshaje kwamba siku zimepita? Tuonyeshe mahindi kando ya shimo: kwanza yanachomoza, kisha yanafika magotini. Hakuna haja ya maneno.

Na kuku? Tusimfukuze, tumpe kazi. Kuku anashtuka, anakimbilia shimoni, mtoto anamfuata. Macho ya watu wote yako kwa kuku, naye anayapeleka pale pale tunapotaka. Mtoto anaona vijidudu vinavyocheza majini. Anateka maji kwa bakuli jeupe, anafunika kwa kitambaa, anaweka mahali pa salama. Usiku mbu wanavuma. Siku nyingine mtoto ana homa, baba anambeba mgongoni kwenda zahanati. Akirudi, mama anamwonyesha bakuli. Chini ya kitambaa mna mbu. Mzee Juma analitazama bakuli, analitazama shimo, anachukua jembe. Basi, mwisho. Hakuna haja ya bwana afya kuja kutoa hotuba.

Mmeona? Kila picha imezaliwa na ile iliyotangulia. Shimo limeleta maji, maji yameleta mbu, mbu wameleta homa, homa imemwinua Mzee Juma.

Lipo la mwisho, nalo ndilo kubwa. Mkimaliza muswada, wasomeeni majirani. Msiwaulize, "Mmeelewa?" Mtu wa heshima atajibu, "Ndiyo." Waulizeni, "Mmeona nini?" Wakijibu, "Tumeona kuku," msicheke wala msikasirike. Rudini katika karatasi mkaandike upya. Wale watazamaji thelathini na kitu walitoa jibu la kweli na la manufaa. Muswada wenyewe haukuandikwa kwa ajili ya kusikia jibu lao.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini Bwana Wilson alitafuta sababu kwa watazamaji? Ninyi mngetafuta wapi?

2. Mtu anayeficha fedha nyumbani anaweza kuwa na sababu gani? Taja mbili.

3. Chagueni shida moja ya mtaa wenu. Andikeni picha sita, kila moja sentensi moja, bila neno lolote la kusemwa. Mwenzenu asiyeijua hadithi azisome, kisha awaambie ameona nini.

Pengine katika darasa lenu yuko mwenye simu ya kamera. Asiifungue kwanza. Ianze kalamu. Kwaherini, na kazi njema.