Karata, turufu na mwenye meza asiyeonekana

Nikiwa Hulugho, kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia, tulikaa kibandani tukinywa chai ya maziwa ya ngamia. Kijana mmoja akanionyesha simu yake. Alikuwa akicheza poka mtandaoni kwa hela alizopata baada ya kuuza mbuzi wawili. “Maalim,” akaniuliza, “hii ni kamari ama ni akili?” Wazee waliokuwa wakicheza shax mchangani wakaguna. Sikumjibu papo hapo. Leo namjibu, nikianzia ninapopajua, yaani kwenye maneno.

Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Wareno wakaanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, wakaipoteza mwaka 1698. Waliondoka, ila karata zao zikabaki katika Kiswahili. Karata ni carta, turufu ni trunfo. Shupaza ni espadas, yaani panga. Kopa ni copas, vikombe. Uru ni ouros, dhahabu. Pau ni paus, marungu. Neno kamari nalo lilipitia mlango mwingine: ni qimar ya Kiarabu, na Wasomali husema khamaar. Qurani, katika Al-Maida aya ya 90, inakataza maysir. Maysir ya Waarabu wa kale ilikuwa kupigia kura kwa mishale mafungu ya nyama ya ngamia.

Iwe karata au mishale, waliocheza walionana macho kwa macho. Kilichomtoka huyu kilimwingia yule.

Poka ya pesa ilianza kuchezwa mtandaoni tarehe 1 Januari 1998, katika tovuti ya Planet Poker. Mwaka 2003 mhasibu Mmarekani, Chris Moneymaker, aliyefuzu kupitia mtandao, alishinda dola milioni 2.5. Tangu hapo wengi wakaamini kuwa yeyote anaweza.

Lakini Moneymaker alishinda shindano. Meza ya pesa taslimu ni kitu kingine. Kwenye shindano unalipa kiingilio na kucheza mpaka utolewe. Kwenye meza hii unaingia na kiasi chako, kila kete ni hela kamili, na unaweza kuinuka saa yoyote. Kabla ya karata kugawanywa, wachezaji wawili huweka dau la lazima, kwa zamu. Mnacheza ninyi kwa ninyi, si dhidi ya kampuni. Ndiyo maana watu husema ni akili, na kweli akili ipo.

Sasa tupige hesabu. Tuseme marafiki sita wenye uwezo sawa wameketi, kila mmoja na shilingi 1,000. Jumla ni 6,000. Kila mkono una wastani wa shilingi 100 mezani, na mwenye meza anakata asilimia 5, yaani shilingi 5. Mtandaoni karata hugawanywa upesi; tuseme mikono 60 kwa saa. Makato ni shilingi 300 kwa saa. Baada ya saa 4, shilingi 1,200 zimeyeyuka. Hakuna rafiki aliyezila. Wakiendelea hivyo kwa saa 20, zile 6,000 zote zitakuwa zimekwenda.

Kwa hiyo haitoshi kumshinda mwenzako. Sharti umshinde kwa kiasi kinachozidi makato, na anayecheza kwa kujiburudisha ni nadra kufika hapo. Tena mezani hukutana na watu ambao hiyo ndiyo kazi yao, wakicheza meza kadhaa kwa pamoja.

Sheria yetu ya kwanza ya kamari baada ya uhuru, ya mwaka 1966, iliandikwa wakati meza ilikuwa na miguu minne na mlango ulikuwa na bawabu. M-Pesa ilipokuja mwaka 2007, mlango ukahamia mfukoni. Ile ya 2025 inajaribu kuufuata huko.

Jibu langu, mwanangu, ni hili: akili ni ya baadhi yenu, kamari ni yenu nyote, na faida ya hakika ni ya asiyecheza. Mzee aliyeshindwa shax siku ile alikung’uta mchanga, akaenda nyumbani. Mbuzi wake walikuwa bado zizini.