Kovu la Dada na Kidonge cha 1912

Dada yangu alikuwa na kovu lililoanzia kiwiko cha kushoto likaishia vidoleni, na vidole viwili vilikuwa vimegandana. Aliangukia mafigani akisonga ugali, nyumbani kwetu Kapalamsenga. Wakubwa walisimama mlangoni wakilia, wasimguse. Walimpenda, lakini walifundishwa kwamba povu la mwenye kifafa linaambukiza, basi wakangoja likauke.

Upande wetu haukukosa tabibu. Adrien Atiman, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi kisha akakombolewa na kusomeshwa udaktari Malta, alitibu watu Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, tangu 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Alipofika, dawa ya kifafa iliyojulikana Ulaya ilikuwa bromaidi, iliyoanza kutumika Uingereza mwaka 1857. Mwaka 1912 Mjerumani Alfred Hauptmann aliwapa wagonjwa wake fenobabitali ili walale, akaona kuanguka kumepungua.

Mwaka 1960, Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa. Aliwakuta wagonjwa wametengwa, wana makovu ya moto kama ya dada. Aliwaanzishia fenobabitali. Aliandika pia habari za watoto ambao wenyeji walisema "amesinzia kichwa": kichwa kinainama na kuinuka, mtoto haanguki.

Sisi tulijua kifafa cha kuanguka tu. Mtoto aliyezubaa darasani kwa sekunde kumi, macho yamekodolea ukutani, alichapwa kwa uvivu. Aliyetikisika mkono mmoja tu, tulisema karogwa. Kumbe vyote ni kifafa, na kila kimoja kina dawa yake: kabamazepini humfaa huyo wa mkono, lakini yule wa kuzubaa inaweza kumzidishia.

Dada alianza fenobabitali akiwa mtu mzima, kidonge kila usiku bila kuruka hata siku moja. Mwaka wa pili hakuanguka kabisa, akarudi jikoni. Kidonge kile kilikuwepo duniani kabla bibi yetu hajaolewa.

Ndiyo maana kila ninapokaa na vijana hurudia haya: akianguka mtu, mtoeni motoni kwanza. Mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni. Mate yake yafuteni kwa mkono wenu. Hayaambukizi.