Breki za Bole, 1972

Jumanne, tarehe 18 Aprili 1972, ndege namba 720 ya East African Airways ilikuwa Addis Ababa, katika uwanja wa Bole, ikitokea Nairobi kwenda London kupitia Roma. Ilikuwa Super VC10 yenye usajili 5X-UVA, mali ya shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania. Ndani walikuwamo watu 107.

Wakielekea kuanza mbio, marubani waliona mizoga ya ndege wa porini kwenye njia ya kurukia, wakaomba iondolewe. Gari la zimamoto likaenda kuiokota. Palepale njiani kulikuwa na kipande cha chuma cha kuwekea jeki, kilichodondoka kutoka ndege ndogo aina ya Cessna, na hakuna aliyekiona.

Bole iko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, hivyo ndege hulazimika kukimbia sana ndipo ibebeke. Katikati ya mbio hizo gurudumu la mbele likakikanyaga chuma, tairi likapasuka. Pua ikainuka kidogo, ikarudi chini kwa kishindo, mtetemo ukaitikisa ndege nzima. Nahodha akaamua kusimama.

Kabla ya kuruka, marubani hukokotoa mwendo wa uamuzi: kabla ya kuufikia, ndege yaweza kusimama ndani ya njia iliyobaki, ukishaupita, heri kuruka na hitilafu yako. Lakini hesabu hiyo huchukulia kwamba breki ni nzima. Dereva wa lori la chai anayeteremka mlimani kutoka Kwamkoro kwenda Muheza, Tanzania, hahitaji kuelezwa jambo hili.

Breki za 5X-UVA hazikuwa nzima. Uchunguzi ulibaini kwamba sehemu ya mfumo wake ilikuwa imefungwa vibaya baada ya kufunguliwa, na nguvu ya kusimamisha ikapungua. Ndege ilipunguza mwendo, ila si vya kutosha. Mwisho wa njia ardhi ilikatika ghafla, shimo la mita 11. Bawa la kushoto likagonga nguzo ya taa, tangi likapasuka, moto ukawaka. Walikufa watu 43.

Chuma kile ndicho kinachokumbukwa zaidi. Kwangu mimi, kosa zito lilifanyika mapema zaidi, mikononi mwa mafundi.

Shirika lilivunjika mwaka 1977. Super VC10 nne zilizobaki zilirudi Uingereza, na Jeshi la Anga la huko likazigeuza kuwa za kujazia ndege nyingine mafuta angani.